Maji ya Mgeni

Siku ya arobaini na moja tangu Kalunde azikwe, Bwana Maji alipiga hodi.

Luhende alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko, anakwangua ukoko wa ugali wa jana. Hodi ile aliijua. Sauti ya kijana aliyelelewa vizuri, hodi tatu, kisha kimya cha kungojea karibu. Hakuitika. Mwenye kuitika alikuwa mkewe, Kalunde, na Kalunde alikuwa chini ya udongo nyuma ya tanuri la matofali.

Kile kitu kilingoja kiasi cha heshima, kikaingia uani taratibu. Miguu minne kama ya mbuzi, kiwiliwili mfano wa sufuria iliyofunikwa kifudifudi, jicho moja la bluu, na mrija wa kioo uliokunjwa kifuani kama mikono ya mtu aliye kanisani. Kwenye karatasi za Baraza la Mito kiliitwa Kionjo Namba Saba. Lugunga nzima walikiita Bwana Maji, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuonja maji na kusema kama yana sumu au hayana.

Vionjo vya kwanza havikuwa na adabu. Viliingia nyumba za watu kimyakimya, vikaenda moja kwa moja kwenye bomba, na watu wakavipiga mawe kama mbwa wa kichaa. Ndipo wakubwa wakakaa vikao, wakala posho, wakavipa adabu. Vikafundishwa kubisha hodi. Vikafundishwa kusema "Mwangaluka" kwa lugha ya kwetu na kungoja jibu. Vikafundishwa kukaa kwenye kigoda vikikaribishwa, na kutopokea maji mpaka vipewe na mwenye nyumba. Vikafundishwa kutobisha kwenye nyumba yenye matanga mpaka siku arobaini zipite. Tangu hapo hakuna aliyeokota jiwe. Wakubwa hawa, maji safi yaliwashinda, ila adabu ya mashine waliiweza.

"Mwangaluka, baba," kilisema. "Mama yupo?"

"Amekufa."

Jicho la bluu lilififia kidogo. Hata hilo walikuwa wamekifundisha.

"Pole sana, baba. Naomba maji, kama kawaida."

Luhende aliinuka, si kwa heshima. Alichukua kopo la bati, akakinga bombani pale pale uani, akaliweka mavumbini kama anayemwekea mbwa. Yale maji mwenyewe hakuyapenda. Tangu msiba ulipoingia yalikuwa yamegeuka machungu mdomoni, yanakwaruza koo, naye aliona ndiyo kawaida. Mfiwa kila kitu kwake ni kichungu.

Mrija ulishuka, ukagusa, ukajivuta.

"Samahani, baba. Haya siyo ninayopewa hapa. Sheria inataka sampuli itoke kwenye chanzo kile kile cha siku ya kwanza. Haya siwezi kuyaandika."

"Chanzo gani? Bomba ndilo hilo, lingine liko wapi?"

"Mtungini," kilisema. "Ndani, kushoto kwa mlango. Nitarudi Jumatano. Kaa salama, baba."

Kikageuka, kikatoka, kikamwacha ameshika kopo.

*

Mtungi haukuwa mmoja. Ilikuwa mitatu, imepandana kwenye kona kama watoto wanaocheza. Wa juu una mchanga, wa kati una mkaa uliotwangwa, na wa chini ndimo maji yalimodondokea, na ndani yake kitambaa kilichofungwa mbegu za mlonge. Yote ilikuwa imekauka. Luhende alikuwa ameipita miaka yote akiona ni mambo ya jikoni ya mkewe, aliyoyarithi kwa bibi yake wa Sikonge. Maji yenye hadhi ya kumpa mgeni.

Akakaa sakafuni.

Kwao mgeni haombi maji, huletewa. Na haletewi ya bomba kama ng'ombe. Huletewa ya mtungini, kwa kibuyu, kwa mikono miwili. Hilo Kalunde asingemnyima hata mwizi, sembuse kijana mwenye adabu anayeuliza hali ya nyumba kila Jumatano. Alikuwa akikiwekea na kigoda. Jirani akimcheka kwamba anakikaribisha chuma, humjibu kwamba chuma hicho kinasalimia kuliko watoto wake.

Na ile haikuwa nyumba hivi hivi. Ilikuwa ya mwisho kwenye bomba linalotoka mtoni, na kwa hiyo Baraza liliichagua kuwa Nyumba ya Shahidi. Kilichoonjwa pale kilihesabiwa kuwa ndicho kinachonywewa na kaya zote mia tatu na kumi na mbili za Lugunga. Mlangoni walipigilia kibati cha kuthibitisha. Kalunde alikisugua kwa majivu kila Jumamosi mpaka kikang'aa kama kioo.

Miaka kumi na moja. Kule juu kiwanda cha kuosha mawe ya betri kinatapika mtoni, huku chini watu wanavimba miguu na figo zinakufa, na kila Jumatano karatasi inaandikwa: maji ni salama. Wakubwa walikuwa wakiionyesha kama hati ya ndoa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Huyu alikuja miaka kumi na moja, na wenyeji wakaisha.

Luhende hakuwa mtu wa shule. Aliishia darasa la nne, akaingia kwenye udongo wa matofali, hakutoka. Lakini udongo ulikuwa umemwambia zamani. Mwaka wa pili wa kiwanda, matofali aliyokandia maji ya mto yalianza kuota ukungu wa kijani pembeni, unaong'ata vidole. Alimwonyesha Kalunde. Mwenyewe akatema mate, akasema wakubwa wanajua, wanajua kila kitu, hawa. Kisha akayapanga matofali yale tanurini, akayachoma, akayauza. Hakubeba hata moja kumpelekea mtu. Kusema wakubwa wanajua kulimtosha, kama mtu aliyekwisha kufanya kazi ya siku.

*

Mwenyekiti wa Kamati ya Mto alikuwa Mwalimu Nshoma, mwanamke mstaafu mwenye miguu iliyovimba mpaka akavaa kandambili za mwanawe. Kila Jumamosi alisimama darajani na daftari, akasoma majina ya waliouawa na maji, mmoja mmoja, wakubwa wasikie au wasisikie. Yalikuwa sitini na matatu. La mwisho lilikuwa Kalunde.

Luhende alimweleza habari ya mtungi. Mwalimu alisikiliza bila kumkatiza, kisha akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Unaelewa umeniambia nini, Mzee Luhende?"

Alielewa. Ila alitaka kusikia kwa mtu aliyesoma.

Basi Mwalimu akamfafanulia. Chini ya Sheria ya Ushahidi Safi, neno la mtu kuhusu maji halipokelewi popote. Mtu anaweza kudanganya apate fidia. Tofali haliongei, mguu uliovimba hauongei. Kinachoongea ni Kionjo peke yake, maana kumbukumbu yake imefungwa na hata Baraza haliwezi kuifuta. Kimetengenezwa kisiseme uongo. Lakini barazani hakisemi kisichoulizwa. Mara moja kwa mwaka Baraza linakuja kuketi, na kila mlalamikaji ana swali moja. Miaka kumi na moja watu wamekiuliza kama maji yana sumu, nacho kimejibu kweli tupu kuhusu maji ya mtungini.

"Hatujawahi kukiuliza yalitoka wapi," alisema Mwalimu. "Nani angefikiria? Bomba liko uani."

Luhende alisema yeye ana swali zuri zaidi. Atauliza mkubwa gani alikuwa anajua. Karatasi zote zile zina sehemu ya chanzo. Kuna mtu ofisini amesoma neno mtungi miaka yote, akanyamaza, akanywa chai. Amtaje. Amtaje kwa jina na kijiji alichozaliwa.

Mwalimu alitikisa kichwa. Atatajwa, alisema, kisha atahamishiwa mkoa mwingine na gari jipya, na siku ya pili asubuhi bomba litafunguliwa na maji yatakuwa yale yale. Swali la chanzo ndilo litakalofuta sampuli zote. Zikifutwa, sheria inalazimisha bomba la kiwanda linalotapika mtoni lifungwe siku tisini, na maji yaonjwe upya kutoka kwenye bomba.

"Basi nauliza hilo."

"Ngoja. Hujasikia mwisho." Alifungua daftari, akageuza kurasa kana kwamba jambo lenyewe limeandikwa humo. "Aliyempa Kionjo maji yaliyobadilishwa anaitwa mhujumu wa sampuli. Hawaulizi alikusudia nini. Mhujumu hahesabiwi kuwa ameuawa na maji. Itabidi nimfute. Na wataandika, Mzee Luhende. Wataandika kwamba Lugunga ilinyweshwa sumu miaka kumi na moja kwa mkono wa Kalunde."

Nje, wanawake walikuwa wanapita na ndoo kichwani, wanachekana juu ya mume wa mtu. Luhende aliyasikia maji yakipigapiga ndani ya ndoo.

Alisema hawezi. Mke wake hakuwa na kesi na mtu duniani. Kama wakubwa wanataka wa kumwandika, wajiandike wao, kalamu wanazo. Mwalimu hakubishana naye. Alimwambia tu kwamba hata yeye atakiuliza Kionjo swali lile akimruhusu, ila hatauliza bila ruhusa ya mwenye kaburi.

Luhende akatoka bila kuaga. Njiani aliwafikia wale wanawake wa ndoo, na mmoja, mjamzito, aliinama kumwamkia huku ameshikilia ndoo kwa mkono mmoja. Shikamoo, baba. Akaitikia marahaba. Akageuka kumtazama mgongo mpaka alipoingia kwake na maji yake.

*

Baraza liliketi ukumbi wa kata. Mezani mbele ya kila mkubwa kulikuwa na chupa ya maji iliyotoka mjini, bado ina jasho la barafu. Mkaguzi Mkuu, Bwana Mbegete, alikuwa mtu mnene wa upole, aina ya wakubwa wanaokuita mzee wangu wakati wanakuzika. Kionjo kiliwekwa katikati, juu ya meza ndogo.

Kondo, muuza nyama, alitangulia. Alikuwa amefanya mazoezi wiki nzima, akauliza kwa sauti kubwa kama maji ya Lugunga yana sumu, ndiyo au hapana, na kisizungukezunguke.

"Maji niliyoyaonja hayana sumu," kilijibu Kionjo.

Bwana Mbegete alifungua mikono kama padri. Watu wakaguna. Kondo akaambiwa na mtu wa nyuma akakiulize bei ya maini, na wengine wakacheka kicheko cha watu waliochoka. Wakaja wanane, wakaondoka vile vile.

Alipoitwa Luhende aliinuka na kofia mkononi. Mwalimu Nshoma alimtazama mara moja, kisha akatazama miguu yake mwenyewe. Luhende alikuwa bado hajamwambia atauliza nini, kwa kuwa hata yeye hakuwa ameamua. Alikuwa amelala na maswali mawili na kuamka nayo. Alimtazama Bwana Mbegete akinywa, koromeo linavyopanda na kushuka, na tamaa ya kumtaja mtu ilimjaa mdomoni kama mate. Kisha akamwona yule mjamzito, amekaa karibu na mlango, amempakata mtoto mwingine anayenyonya chupa ya plastiki yenye maji ya bomba.

"Uliyoyaonja nyumbani kwangu," alisema, "yalitoka wapi? Yote. Sema kuanzia ya kwanza."

Bwana Mbegete aliacha kunywa.

"Chanzo ni mtungi," kilisema Kionjo. "Mtungi wa mchanga, mkaa na mlonge. Sampuli mia tano sabini na mbili, zote. Hii ni kumbukumbu ya siku ya kwanza."

Kilipoendelea, sauti haikuwa tena ile ya kijana.

"Karibu, mgeni, kaa hapo kivulini. Unataka maji? Hayo ya bomba acha, mgeni hapewi hayo, yana uchungu. Ngoja nikuletee ya mtungini." Ukumbi mzima ulisikia kigoda kikiburutwa. "Eti yanatosha nyumba nzima? Weee. Mtungi unatoa vibuyu viwili tu kwa siku. Kimoja cha mgeni, kimoja cha Baba Shija akitoka tanurini. Mimi? Mimi nakunywa hayo hayo ya bomba, nimeshayazoea. Ila usimwambie, ataacha kunywa."

Kulikuwa na mtu mmoja tu Lugunga aliyeitwa Baba Shija, na alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, kofia mkononi.

Luhende alikumbuka kibuyu. Kila jioni, amejaa majivu mpaka kwenye nyusi, kibuyu kimengojea kimefunikwa kwa kisahani. Alikuwa akinywa kwa mkupuo mmoja, anapangusa mdomo. Miaka ya mwanzo alikuwa akisema haoni watu wanalalamikia nini, maji yake yeye matamu. Kalunde alikuwa akicheka. Na siku zote hizi tangu mazishi alidhani ni msiba uliomgeuza mdomo. Si msiba. Ni mara ya kwanza alikuwa anakunywa walichokunywa wenzake.

Bwana Mbegete alikuwa anasoma kifungu. Alisoma vizuri, bila haraka. Sampuli zote zimefutwa. Bomba la kiwanda kufungwa siku tisini. Kibati cha Nyumba ya Shahidi king'olewe. Marehemu Kalunde aandikwe mhujumu wa sampuli, na jina lake lisisomwe hadharani miongoni mwa waathirika. Kisha akaongeza, kwa upole wake ule, kwamba Baraza limesikitishwa sana kuona wananchi wenyewe ndio waliojidanganya.

"Karatasi ilisema mtungi," Luhende alisema. "Mlisoma."

"Mzee wangu, swali lako umeshauliza."

*

Jumamosi Mwalimu Nshoma alisimama darajani, na karani wa Baraza pembeni yake kuhakikisha. Alisoma majina sitini na mawili. Alipofika mwisho hakufunga daftari. Alibaki amelishika wazi, mdomo umefumba, kwa muda unaotosha kulitamka jina. Watu hawakuondoka mpaka alipolifunga. Wengine wao, wakipita mbele ya Luhende, hawakumwamkia. Wengine walimshika mkono, wakaendelea na njia. Kondo alisema tu kwamba maji ya mto yameanza kushuka rangi.

Jumatano, hodi tatu. Kimya cha kungojea karibu.

"Karibu," alisema Luhende.

Mlangoni palikuwa na matundu manne ya misumari na mraba wa ubao ambao jua halikuwahi kuufikia. Kionjo kilivuka hapo, kikaja mpaka bombani, kwa kuwa sasa ndivyo kilivyoagizwa. Luhende alikinga kopo. Safari hii alilishika kwa mikono miwili mpaka mrija ulipogusa.

"Baba," kilisema, "maji haya si salama. Usiyanywe."

Ndilo neno kililotengenezewa kulisema, na kwa miaka kumi na moja halikuwahi kutoka.

Luhende aliyamwaga chini. Aliingia ndani, akatoka na kigoda cha Kalunde, akakiweka kivulini, na Kionjo kikaja kukaa kwa mazoea. Yeye alichuchumaa mbele yake kwenye udongo. Alikuwa ameijaza mitungi upya, mchanga wa kisima cha mbali, mkaa mpya, mlonge wa jirani. Ilikuwa inadondosha ndani. Alisikia tone, kisha kimya, kisha tone.

"Hapa siyo barazani," alisema. "Hapa nauliza ninavyotaka?"

"Ndiyo, baba."

"Siku ya mwisho. Ulipokuja mara ya mwisho. Alisemaje?"

Jicho la bluu lilififia kidogo. Kisha sauti ya Kalunde, ya chini, inapumua katikati ya maneno kama mtu anayepanda kilima.

"Nisamehe, mgeni. Leo sikuweza kunyanyua ndoo, mtungi umetoa kibuyu kimoja. Onja kidogo tu. Niachie ya Baba Shija."

Luhende aliangalia kote uani akimtafuta wa kumtukana. Kulikuwa na tanuri, na kopo, na kile chuma kimekaa kwa adabu juu ya kigoda. Ndani, mtungini, tone lingine lilianguka.